Muda Hukatwa kwa Mwingine

Jumanne ile Mama Fundi alikuwa akipinda sare za shule. Cherehani iliimba kama siku zote. Kwenye kiti cha pili lilikuwepo gauni la kijani la bintiye, upindo haujashonwa. Wiki tano zilikuwa zimepita tangu wamzike, na hakuthubutu kulimaliza wala kulihamisha.

Simu ya marehemu aliichaji kila asubuhi baada ya sala. Mwenyewe alijua haina maana. Siku hiyo ikalia.

"Zamu yako. Siku mbili."

Binti alikuwa akisimamia mchezo wa hadithi mtandaoni. Watu saba, hadithi moja, kila mmoja na mhusika wake, wakiandika kwa zamu. Yeye ndiye aliyepanga siku, ndiyo maana wakamwita Mwenye Saa. Aliyepitisha muda bila kuandika, mhusika wake aliondolewa kwa sentensi ileile: Akatoka nje, hakurudi. Aliyeomba muda aliongezewa, ila ulikatwa kwa mwenzake. "Muda hauoti kama uyoga, mama," alikuwa akisema, huku akijitahidi kushona mishono mikubwa iliyopinda, ambayo mama yake mdogo aliiita nyayo za kuku.

Mama Fundi alimpigia mwalimu, mmoja wa wale saba. Mwalimu akampa pole, akasema mchezo waliufunga siku ya mazishi. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, ujumbe huo umetoka kwa nani.

Ulitoka kwa Mwenye Saa. Na simu ya Mwenye Saa ilikuwa mkononi mwa Mama Fundi.

Mdogo wake, muuguzi, alimsihi aizime. Mengine, dada, tumwachie Mungu. Lakini Mama Fundi alikuwa ameshaisoma hadithi. Mhusika wa bintiye, msichana wa gauni la kijani, alikuwa bado njiani. Anatembea. Mzima. Muda ukipita bila neno, naye atatoka nje asirudi. Mama gani atakubali kumzika mtoto mara mbili?

Akaandika kwa kidole kimoja: Msichana aliendelea kutembea.

"Vizuri. Siku moja."

Jumatano akaandika tena. Chini ya maneno yake sentensi nyingine ikajiandika: Msichana akaona paa la bati lenye tofali juu yake.

"Nusu siku."

Paa la Mama Fundi lilikuwa na tofali. Aliliweka marehemu mumewe, upepo usiinue bati.

Sare zikalala. Wateja wakabisha hodi, wakachoka, wakaenda zao. Sala ya mchana ikampita, yeye ambaye hata siku ya msiba hakuikosa. Aliandika hatua mojamoja, maana kila hatua ilikuwa pumzi ya mwanawe. Na kila alipoandika, muda ulizidi kufupishwa. Alhamisi, saa nane u nusu mchana, msichana alifika mlangoni.

"Dakika kumi."

Akiandika kwamba mlango umefunguliwa, kitaingia nini? Asipoandika, mtoto amekwenda. Akaomba kama anavyoombwa Mungu: "Niongezee muda, mwanangu."

"Unakatwa kwa mwingine. Nani?"

Jina la kwanza kumjia lilikuwa la mdogo wake. Akatubu papo hapo. Kisha akaandika: Mimi.

"Imepokelewa."

Halafu hodi. Ya chini sana. Si kwenye simu.

"Nani?" akanong'ona.

"Fungua, mama. Nimekuja kumalizia gauni."

Muuguzi alifika saa tisa na dakika chache, akitoka kazini. Mlango ulikuwa wazi. Ndala za dada yake zilikuwa kizingitini, zimepangwa vizuri. Kiti bado kina joto. Aliita. Alizunguka nyumba mara tatu, akiita. Majirani waliokuwa wakianua nguo hawakuona mtu akipita. Hadi leo hajaonekana.

Simu ilikuwa juu ya cherehani. Sentensi ya mwisho aliijua kabla hajaisoma: Akatoka nje, hakurudi.

Lakini hakuililia simu. Alililia gauni. Upindo ulikuwa umeshonwa wote. Nusu ya kwanza ni mishono midogo, iliyonyooka, mkono wa dada yake. Nusu ya pili ni nyayo za kuku. Sindano ilikuwa bado inaning'inia, na ncha ya uzi ilikuwa mbichi, kama iliyotoka kulowanishwa mdomoni sasa hivi.