Starta ya Hezekiah

Mwaka wa sabini na tatu nilikuwa fundi wa pikipiki mjini, kule Grogan. Jioni moja, nikirudi nyumbani Kabiria, nilipitia kwa mama mmoja jirani, Nzula, aliyekuwa ameniita. Mumewe Hezekiah, tarishi wa ofisi, alikuwa mgonjwa kitandani. Pikipiki yake iliegeshwa nje, chini ya dirisha lake.

"Inalia yenyewe," Nzula akaninong'oneza. "Na betri inakwisha."

Nikasikiliza. Tik… kimya… tik.

Ni starta, kile kifaa cha kuwashia injini. Lakini ufunguo haukuwepo. Nikapapasa nyaya moja moja nikitafuta iliyochubuka. Zote nzima. Ila waya mnene wa betri ulikuwa na joto, kama mkono wa mtu mwenye homa. Nikaunusa. Haukunuka mpira ulioungua.

Ulinuka jasho.

Nikaulegeza, nikauchomoa. Ile tik ikanyamaza. Ndani, pumzi za Hezekiah nazo zikakatika.

"Rudisha," Nzula akasema. "Fundi, tafadhali, rudisha."

Nikaurudisha. Tik… Na kule ndani mtu akavuta pumzi ndefu.

"Mganga wa kwetu Kitui alifunga roho ya mume wangu kwenye kitu anachopenda," Nzula akanong'ona. "Isiondoke mpaka apone."

"Na yeye mganga alitaka nini?"

Akaweka kiganja kifuani pake.

Nilitaka kukimbia. Lakini betri ile ilikuwa inakufa, na mtu pamoja nayo. Nilikuwa nimebeba nyingine kutoka kazini, imejaa chaji. Nikaiunganisha kwanza kando ya ile ya zamani, ndipo nikaitoa ya zamani. Ile tik haikuruka hata mara moja.

Nzula akanishika mkono kunishukuru. Wake ulikuwa baridi sana.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nilienda kuwajulia hali. Nikamkuta Hezekiah ameketi nje, mzima, amenyoa ndevu.

"Afadhali, mzee. Na mama yuko?"

"Tumemzika jana kwao Kitui," akasema polepole. "Alilala akiwa mzima. Hakuamka."

Nikakaa chini.

"Nilitaka kutoa hiyo betri," akanong'ona. "Nimeshindwa. Hebu sikiliza."

Tik-tik… tik-tik…

Haikuwa ile ya kwanza. Hii ilikuwa nyepesi, ya haraka haraka… kama pumzi za mwanamke aliyepanda mlima na mzigo.

Hezekiah akanikazia macho.

"Fundi… betri hii itakaa mpaka lini?"