Silinda ya Tano Haichomi

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Mashine ya kupimia iliandika: silinda ya tano haichomi. Fundi Futa akacheka peke yake, maana injini iliyokuwa mbele yake ilikuwa na silinda nne tu, na alizihesabu kwa kidole.

Jina la Futa alipewa na mafundi wenzake. Gari likiletwa huku taa ya injini ikiwaka, yeye hakusumbuka kutafuta ugonjwa. Alichomeka mashine, akabonyeza "futa", taa ikazimika, mwenye gari akaenda zake akishukuru. Ikiwaka tena wiki ijayo, basi hilo ni la wiki ijayo.

Mwenye gari hili alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole.

"Tafuta, mwanangu," alimwambia. "Usifute. Tafuta."

"Usijali, mama. Hapa umefika."

Akitoka, mama yule alikanyaga oili iliyomwagika mlangoni, wala hakuacha alama ya mguu. Fundi aliona, akajiambia ni macho tu. Sikio la kufa halisikii dawa. Akabonyeza futa, na kwenye boneti ikatoka harufu ya nywele zinazoungua.

Nyumbani walikuwa watano: yeye, mkewe, wavulana wawili, na kitindamimba wa miaka minne, binti ambaye kila jioni alimpokea mlangoni, akanusa viganja vyake na kusema, "Baba, unanuka gari." Jioni hiyo hakupokelewa na mtu. Mezani palikuwa na sahani nne.

"Mdogo yuko wapi?"

"Mdogo gani?" mkewe akauliza.

"Binti yetu."

Mkewe akashusha sauti, watoto wasisikie. "Baba watoto, sisi tuna wavulana wawili. Unaumwa?"

Akapekua kabati, akainua magodoro, akatoka hadi kwenye kamba ya nguo, akarudi kuupapasa ukuta ambao mtoto aliuchora kwa mkaa akachapwa, na ukuta ulikuwa safi, na mkewe alimfuata nyumanyuma akilia, ila machozi yale hayakuwa ya mtoto, yalikuwa ya kumhofia yeye.

Asubuhi aliliwasha lile gari. Injini ikanguruma vizuri, na chini ya mngurumo akasikia kisauti: "Baba, unanuka gari."

Aliifungua injini yote, nati moja baada ya nyingine, akiita jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua, akaingiza vidole kwenye kila silinda hadi vikachubuka, na hakukuta kitu ila masizi. Akaifunga tena. Alipoinua kichwa, mama yule alikuwa amesimama mlangoni.

"Mrudishe," Fundi akanong'ona. "Nimetafuta."

"Umetafuta baada ya kufuta, mwanangu. Kilichofutwa hakirudi." Akaonyesha dashibodi. "Taa imewaka tena."

Mashine iliandika: silinda ya nne haichomi. Wa nne nyumbani kwake alikuwa mwanawe wa pili. Mama yule hakuwepo tena mlangoni.

Safari hii Fundi alitafuta kweli. Alikagua waya, akakagua koili, mpaka akaichomoa plagi ya nne na kuona ufa mwembamba kama unywele. Akalia kwa furaha. Akakimbilia stoo kuchukua plagi mpya.

Aliporudi, alimkuta fundi wa umeme, jirani yake wa gereji, ameshika mashine na kutabasamu.

"Nimekuona unahangaika tangu asubuhi, kaka, nikakumalizia. Taa imezimika."

"Umefanya nini?"

"Nimefuta. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Plagi ikamponyoka, ikavunjika sakafuni. Injini ikajiwasha bila ufunguo. Kile kisauti cha kwanza kilikuwa kinacheka, kimepata mwenzake, na huyo mwenzake akauliza taratibu, "Baba, na mimi nimekosa nini?"

"Injini imetulia, unasikia?" fundi wa umeme akasema. "Mpigie mwenye gari aje alichukue."