Kiti cha Sajini Oola

Jua lilikuwa linazama Lakica aliposhuka kwenye bodaboda pale Kansanga, ameikumbatia picha ya marehemu baba yake iliyotoka kuchapishwa Wandegeya. Sajini Oola, enzi za ujana wake, magwanda yamenyooka, anatabasamu. Jioni hiyo palikuwa na maombi ya kumkumbuka, na Lakica, binti mkubwa, ndiye angesimama aseme baba alikuwa mtu gani.

Aseme nini? Uso auweke wapi?

Majirani wote waliyajua. Mzee yule alipigana Somalia ili wanawe wasome. Nyumba ile aliijenga yeye, tofali kwa tofali. Lakini miaka yake ya mwisho aliimaliza kwenye kiti cha mbao getini, mvua yake, baridi yake, amekataa katakata kulala ndani. Wakimsihi, alijibu tu, "Bado sijaingia nyumbani."

Na Lakica alijua kwa nini.

Siku mzee aliporudi kutoka vitani, dada yake, Shangazi Amony, alilaza yai bichi mlangoni juu ya kijiti cha mti wa opobo. Waacholi ndivyo wanavyompokea aliyetoka kwenye damu: alikanyage yai kwanza, lipasuke, na kilichomfuata kibaki nje. Sasa balaa gani, siku hiyohiyo wakubwa wa Lakica wa ofisini walikuwa sebuleni wanakunywa chai. Akaona haya. Ushamba huu, mbele ya wageni! Akaliokota yai, akalitupa nyuma ya nyumba. Mara baba akatokea getini, buti zimechanika, mkoba begani. Mgeni mmoja akachungulia dirishani.

"Yule nani?"

"Askari wetu wa getini," Lakica akasema.

Mzee alisikia. Akasimama wima, akapiga saluti. "Karibuni, madam." Tangu siku hiyo hakuvuka kizingiti, mpaka walipombeba kumzika.

Basi jioni hii Lakica akakaribia geti. Umeme ulikuwa umekatika. Ndani watu walikuwa wanaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Kiti cha mzee kilikuwa palepale, kitupu.

Kando ya kiti alisimama mtu.

Kijana mwembamba, koti refu la jeshi. Amesimama nje kidogo ya geti, wala halivuki.

"Umekuja kwenye maombi?" Lakica akauliza.

"Mzee aliniambia nisubiri hapa," kijana akanong'ona. "Nimesubiri sana."

Harufu ikamfikia... baruti, na nguo iliyovundia majini. Miguu ilimwambia, kimbia! Lakini aibu, jamani, aibu ina nguvu kuliko woga. Alikitazama kile kiti, akajiapia kwamba mtu mwingine hataachwa tena kwenye geti hili.

"Ingia, kaka," akasema. "Usisimame nje. Hapa ni kwenu."

Kijana akatabasamu. "Asante, dada."

Akapita. Kwi... kwi... kwi... Viatu vilikuwa vimejaa maji, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Mlangoni Shangazi Amony aliipokea picha, akaipangusa kwa kanga. "Ulikuwa unaongea na nani huko getini?"

"Rafiki wa baba. Kijana mwenye koti la jeshi. Si ameingia sasa hivi?"

"Hakuna aliyeingia." Shangazi akaiweka picha chini. "Lakica... ulimkaribisha? Kwa mdomo wako?"

"Nilimwambia aingie."

"Banange!" Shangazi akamvuta kando, akanong'ona. "Kaka yangu alikuwa anakaa naye pale. Kila jioni nilimsikia. 'Tulia, kijana. Watoto wangu hawakukukosea.' Kule vitani alimfanya nini, hakuniambia. Nikamsihi tulaze yai jingine. Akakataa. Akasema askari wa geti hana mlango wa kuingilia. Basi akaamua amzuie kwa mwili wake."

Lakica alitaka kulia, hakupata nafasi.

Kwi... kwi... kwi...

Ukumbini. Kuelekea chumba cha nyuma.

Aloyo! Binti yake wa miaka mitatu alikuwa amelala huko.

Alikimbia, akamkumba mtu, akaangusha kikombe. Mlango ulikuwa wazi. Alama za viatu vilivyolowa zilikwenda mpaka kitandani, zikaishia hapo. Mtoto alikuwa anapumua vizuri. Ila pale miguuni pake, shuka lilibonyea. Taratibu. Kama mtu aliyechoka anapoketi.

Sebuleni waombolezaji walimngoja Lakica aje aseme habari za baba yake. Hakwenda. Alikuwa amekileta kile kiti cha mbao, amekiweka ubavuni pa kitanda, ameketi, mkono wake juu ya mtoto.

"Tulia, kaka," alinong'ona. "Mtoto wangu hakukukosea."

Shuka likanyooka.

Mayai yamelazwa mlangoni mara nyingi tangu hapo. Shangazi anasema yai huzuia kinachotaka kuingia. Aliyeambiwa "hapa ni kwenu" halimhusu. Wamejaribu kumhamisha mtoto. Kwi, kwi, humfuata huko huko. Kazi Lakica ameiacha. Kila jua likizama yuko kwenye kiti, nywele hazijachanwa, anaongea peke yake.

Juzi mumewe, Okullo, alileta wageni kutoka ofisini kwao. Mmoja akapita ukumbini, akaona mlango uko wazi.

"Yule nani?"

Okullo akakohoa kidogo. "Yaya wa mtoto."

Lakica alisikia. Akasimama wima, akainamisha kichwa. Neno la kuwakaribisha hakulitamka. Hajalitamka tangu jioni ile. Akarudi upesi kwenye kiti, maana shuka lilikuwa limeanza kubonyea.