Maranda ya Fundi Mtaroni

Kila asubuhi fundi seremala alipiga randa uani huku akiimba. Sauti yake ilikuwa mbaya, lakini majirani walimpenda hivyo hivyo. Walimwita Ulimi Asali, maana kwa kusema hakuwa na mpinzani.

Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Kila mvua iliponyesha, mtaro wa uani ulifurika na maji yakaingia chumbani mwao. Sasa mke alikuwa ameweka begi la nguo za mtoto mlangoni.

"Mwanangu hatalala kwenye maji," alisema. "Mtaro usipotengenezwa, nakwenda kwa mama."

Fundi akaingiwa na hofu. Jioni aliwakusanya wapangaji wenzake wote wa ua ule.

"Ndugu zangu! Umoja wetu ndio ngao yetu! Jumamosi tushike majembe, tuuokoe mtaro wetu!"

Watu walipiga makofi na vigelegele. Jumamosi hakutokea hata mmoja.

Fundi alimwendea jirani yake, muuguzi anayepita nyumba kwa nyumba kuhimiza chanjo za watoto.

"Dada, kwani niliongea vibaya?"

"Uliongea vizuri mno. Lakini mtaro umejaa maranda. Ya nani, kaka?"

Fundi akakuna kichwa. "Ya... mbao."

Muuguzi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Sikiliza. Mimi nilianza kwa kuwapeleka wanangu chanjo, watu wakiona. Kabla hawajapima maneno, watu humpima msemaji. Anakijua anachosema? Anakitenda? Anatujali, au anajijali mwenyewe? Wakikutilia shaka, maneno yanaingia sikio hili, yanatokea lile. Na usijifanye. Tunaishi nawe, tutakujua tu."

Kesho yake fundi hakuimba. Aliingia mtaroni, akazoa maranda yote. Kisha akaweka gunia chini ya meza yake ya kazi. Wiki nzima maranda yaliingia humo, na wiki nzima majirani walikuwa wakichungulia.

Ndipo akawaita tena. Safari hii alisema kidogo.

"Maranda yalikuwa yangu. Nisameheni. Nimeyatoa, hayatarudi. Lakini ukuta wa mtaro umebomoka. Leo maji yanaingia kwangu, kesho yataingia kwa bibi pale. Mbao za kuzuia udongo natoa mimi. Kuchimba peke yangu siwezi."

Hakuna aliyepiga makofi. Jirani mmoja, fundi cherehani, aliuliza tu, "Tuje saa ngapi?"

Jumamosi ua ulijaa majembe, matope na vicheko. Hata bibi alitoka na kijiko chake kikubwa, akasema naye anachimba.

Mvua kubwa ilikuja mchana mmoja. Maji yalipita mtaroni yakaenda zake. Chumbani sakafu ilibaki kavu.

"Mume wangu, nibebee hilo begi," mke alisema.

Fundi akaling'ang'ania begi. "Unakwenda wapi tena?"

"Mimi siendi popote. Nguo za mwanao ndizo zinakwenda kabatini."

Kwa furaha fundi akaanza kuimba.

"Basi, basi!" mke akacheka, akishika tumbo. "Utamtisha mtoto!"