Aitaye kwa Jina

Moraa alimaliza zamu yake ya kutunza wazee jioni, giza la Disemba limeshatanda, akapanda basi hadi Northfield, mtaa mwingine wa mji ule wa ughaibuni, kumchukua mdogo wake. Rita alikuwa ameacha chuo na kuhamia kwa Mchungaji Ronald, aliyefundisha kwamba mwisho umefika. Bwana angewaita wateule mmoja mmoja kwa jina, na atakayesita kuitika ataachwa. Kila siku walifanya mazoezi ya kuitika, watu wazima na akili zao.

Moraa naye alikuwa mlokole. Lakini kule Kisii bibi yao aliwakanya tangu utotoni: ukiitwa gizani na humwoni anayekuita, nyamaza.

Mlango wa nyumba ya mchungaji ulikuwa wazi. Taa zimezimwa. Ndani kulinuka udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa asubuhi ile.

Ghorofani sauti ikaita, taratibu.

"Nyambura…"

"Nipo, Bwana," akajibu mwanamke sebuleni. Kikasikika kishindo, kama gunia linalotupwa chini. Kisha kimya.

"Ronald…"

Mchungaji akaitika kwa furaha. Kishindo. Kimya.

Moraa alitamani kukimbia, lakini hakuwa na ndugu mwingine duniani. Akapapasa ukutani hadi kwenye kona, akamtambua Rita kwa kugusa sweta aliyomfumia mwenyewe.

"Usiitike," alimnong'oneza.

"Niachilie, dada. Ni turn yangu."

Moraa akamziba mdomo.

"Rita…"

Ilikuwa sauti ya mama yao, waliyemzika mwaka jana. Machozi yalimtoka Moraa. Rita alimng'ata kiganja hadi damu ikatoka, naye hakuachia.

"Rita… njoo."

Alimkokota hadi nje, hadi kituo cha basi penye taa, akapiga simu ya dharura. Aliyepokea alisema huenda ni gesi imevuja, wasirudi ndani. Moraa alitaka sana kuamini hivyo.

"Yule hakuwa Mama," alisema akihema. "Umesikia? Mama hawezi kutuita mahali kama pale."

Rita alimkazia macho.

"Mama gani? Mimi nilisikia sauti yako."

Gari la wagonjwa lilipita likipiga king'ora. Moraa akanyoosha mkono.

"Rita, njoo hapa. Twende home."

Rita alirudi nyuma hadi ukutani, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.