Majibu ya Mgonjwa wa Kumi na Saba

Droo ya madodoso ilinuka matufaha yaliyooza, na Farangis, muuguzi wa kliniki ya kisukari mjini Kerman, hakuwa ameweka tufaha humo.

Dodoso lilitoka ng'ambo, likatafsiriwa Kifarsi. Liliuliza kuhusu usingizi, maumivu na furaha. Kazi ya Farangis ilikuwa kuwauliza wagonjwa thelathini, kisha kuwauliza tena baada ya wiki mbili. Majibu yakifanana, tafsiri imefaa. Mgonjwa wa kumi na saba alikuwa mama yake mzazi, Turan.

Mara zote mbili wagonjwa walijibu kwa adabu, maana kwao ni aibu kumtwika anayekujulia hali mzigo wako. "Namshukuru Mungu, binti yangu. Wewe hujambo?" Farangis akaandika tano, alama ya juu, karatasi nzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani angemfundisha mzee wa watu kulalamika?

Siku moja kabla ya kukabidhi, alikuta tano zote za mara ya pili zimegeuka moja.

"Behruz, utani gani huu?" alimuuliza mpimaji wa damu.

"Dada, mimi mwandiko wangu wenyewe unanishinda! Ila juzi ulimwaga maji ya moto kwenye karo bila bismillahi. Nilikuwepo. Umemuunguza mtu."

"Mtu gani?"

"Wale. Usinitajishe, mchana huu."

Farangis akacheka, lakini alifunga droo kwa ufunguo na kukaa mbele yake, na hapo ndipo aliposikia kalamu ikikwaruza ndani, polepole, kama ya mtu anayeandika huku akilia, na harufu ikapanda hadi ikamkaa kooni, na alipofungua hakukuta kalamu wala mkono, ila karatasi ya mama yake tu, ikiwa juu ya zote, wino haujakauka: *Nina kidonda mguuni. Simwambii Farangis, ana kazi nyingi.*

Alipiga simu nyumbani pale pale. "Mama, una kidonda?"

"Kidonda? Sina, mwanangu. Umekula?"

Kati ya mama na jini, mtoto humwamini nani?

Akaitwa Bibi Sanam, mwandika dua. Alisoma zile karatasi kimya, moja baada ya moja, kisha akamshika Farangis mkono.

"Mwanangu," alinong'ona, "huyu umemuunguza, naye amekuja kwa hasira. Lakini hasemi uongo. Nimtoe?"

"Mtoe, bibi. Kesho nakabidhi."

Bibi akafukiza espandi, mbegu za kufukuzia majini, akasoma. Kitu kikaguna ndani ya mbao, kikatoka na upepo wa moto mlangoni. Tano zikarudi zote. Utafiti ukapita, tafsiri ikasifiwa.

Mwezi wa pili baada ya hapo, mama Turan alianguka jikoni. Walipomvua soksi, daktari aligeuka kando. Mguu ulikatwa chini ya goti, na sumu ilikuwa imeshapanda.

Farangis alikaa kando ya kitanda, moyo umemvunjika. "Mama, niambie kweli. Unaumwa?"

Midomo ya mama ilikuwa imekauka. "Siumwi hata kidogo, mwanangu. Nenda kapumzike, umechoka."

Farangis aliinamisha kichwa akasubiri, kwa muda mrefu, yule wa kwenye droo ajibu badala ya mama. Hakuna aliyejibu. Kabla ya adhuhuri, mama alikuwa amekufa.