Makasia ya Lokandu

Haya yalimpata rafiki yangu Odette, wa hapa Mikelenge, na aliyenisimulia ni yeye mwenyewe. Alikuwa akitengeneza programu ya kompyuta ambayo watu wangeifungua, watafute picha na sauti za mkoa wetu wa Maniema, kisha wanunue. Kwa kuwa sauti alizokuwa nazo zilikuwa chache, alikwenda Lokandu kurekodi mto. Siku hiyo mto ulikuwa mtupu, hapakuwa na mtumbwi hata mmoja.

Aliporudi nyumbani, mvua ilitia giza saa nane za mchana na umeme ukakatika. Katika giza lile, yeye na kaka yake Isidore waliifungua rekodi kwenye kompyuta, kwa betri yake. Walisikia makasia yakipiga maji, taratibu.

Isidore akasimama. "Futa hiyo, Odette. Pale njo walivushwa watu wakati wa vita, na baba yetu kati yao. Hakurudi hata mumoja."

"Yaya, kaka yangu, wakati ule wenye bunduki walitukataza hata kulia," Odette akajibu. "Leo hakuna wa kunikataza. Sifuti! Naiweka mbele kabisa ya programu, kila mutu aisikie bure."

Akaiweka, akabonyeza tena. Makasia yakanyamaza. Zikasikika nyayo zenye maji zikipanda mchangani, zikaja hadi karibu kabisa, na mtu akauliza kwa sauti ya chini kama ni yeye:

"Njo wewe, Odette?"

Odette hakuizima kompyuta, akajibu:

"Njo mimi."

Kisha ile sauti ikasema, "Fungua mulango. Tuko wengi."